Pesa Imekatwa, Risiti Haijafika

Leo nina jambo ambalo mteja halioni na mabosi wengi hawaliulizii, ila siku likikosekana ofisi nzima inakaa roho juu. Nazungumzia kumbukumbu za programu, zile ambazo vijana wetu wa kompyuta wanaziita logi, pamoja na vipimo vinavyoandamana nazo, yaani telemetria. Na nitajibana kwenye eneo moja: programu zinazoendeshwa kwenye wingu kwa mtindo wa funksheni, bila seva ya kukodi wala kutunza. Nimelichagua eneo hili kwa sababu fedha za watu zinapita humo, na fedha za watu hazistahili kubahatishwa.

Mwezi Novemba mwaka 2014 kampuni ya Amazon ilitangaza huduma yake ya Lambda. Microsoft wakafuata na Azure Functions mwaka 2016, na Google nao wakaleta ya kwao. Wazo ni jepesi. Badala ya kulipia kompyuta nzima inayowaka usiku na mchana, unapeleka kipande cha programu, ndiyo funksheni yenyewe, na mwenye wingu anakiendesha pale tu kazi inapokuja. Unatozwa kwa muda kilipokuwa kazini, tena muda unaohesabiwa kwa milisekunde. Kampuni changa ya Nairobi au Dar es Salaam isiyo na mtaji wa mitambo inapata pa kuanzia. Na tangu Microsoft walipofungua vituo vyao Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon wakafungua cha Cape Town mwaka 2020, hata ule umbali wa kwenda Ulaya na kurudi si lazima tena.

Ila mtindo huu una gharama yake. Mfikirie kibarua wa bandarini anayeitwa getini, akabeba mzigo mmoja, akalipwa, akaondoka zake. Kesho ukigundua gunia limepungua, huna wa kumuuliza. Zamani mambo yakiharibika, mhandisi aliingia kwenye seva, akafungua faili, akasoma yaliyotokea jana usiku mstari kwa mstari. Seva ilikuwepo jana na leo ipo. Kwenye funksheni hakuna pa kuingia. Kile ambacho haikukiandika na kukitoa nje ilipokuwa kazini kimekwenda, na hutakipata hata ulipie.

Tuwe wa haki: mwenye wingu hakuachi mikono mitupu. Lambda, kwa mfano, kila ikimaliza kazi huandika mstari wa taarifa kwenye huduma ya kumbukumbu iitwayo CloudWatch. Naomba niusome mmoja taratibu, maana wengi huupita bila kuutazama. Unaanza na namba ya ombi, ndefu, isiyojirudia. Unafuata muda uliotumika, tuseme milisekunde 102.25. Kisha muda utakaotozwa, milisekunde 103. Kisha memori uliyoomba, megabaiti 128. Kisha memori iliyotumika ilipofika kileleni, megabaiti 121. Simama hapo kwenye namba mbili za mwisho. Uliomba 128, umefika 121. Funksheni hiyo iko ukingoni. Siku mteja atakapotuma faili kubwa kidogo, itakatwa katikati ya kazi. Mstari ulikuwa ukisema hivyo kila siku, na hakuna aliyeusoma.

Pamoja na hayo, mstari huo una mpaka wake. Unakuambia funksheni ilifanya kazi. Haukuambii kama mteja alihudumiwa. Funksheni inaweza kuanza vizuri, ikapokea jibu kwamba malipo yamekataliwa, ikalimeza jibu hilo kimya kimya, ikamaliza salama. Kwenye dashibodi ya wingu kila kitu ni kijani, na mteja bado yuko kwenye simu anapiga huduma kwa wateja.

Tuseme mzazi yuko Nakuru, analipa ada ya mtoto kwa simu kupitia mfumo wa kampuni moja changa. Funksheni ya kwanza inapokea ombi lake na kulipeleka kwenye mtandao wa simu, na kwenye simu ya mzazi kinatokea kidirisha cha kuweka namba ya siri. Hapo funksheni ya kwanza imekwisha kazi. Mzazi anaweka namba ya siri, au anasita, au simu inazima chaji. Baada ya muda mtandao wa simu unarudisha jibu, na linapokelewa na funksheni ya pili ambayo haijui lolote kuhusu ya kwanza. Ya pili inaweka ujumbe kwenye foleni. Ya tatu inautoa kwenye foleni, inaandika risiti na kutuma SMS. Hapo zimepita funksheni tatu, foleni moja na kampuni mbili. Mzazi yeye anajua jambo moja tu, kwamba pesa imekatwa na risiti haijafika.

Dawa inajulikana. Ombi linapoingia mlangoni mara ya kwanza lipewe namba moja ya ufuatiliaji, namba hiyo isafiri nalo mpaka mwisho, na kila mstari wa kumbukumbu uibebe. Ipo kanuni ya kimataifa ya namna ya kuibeba, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2020: tarakimu na herufi 32, zikifuatana na namba fupi ya hatua uliyopo. Upo pia mradi wa OpenTelemetry, uliozaliwa mwaka 2019 pale miradi miwili, OpenTracing na OpenCensus, ilipoungana. Unakupa zana za kuandika nyayo za ombi, vipimo na kumbukumbu kwa mtindo mmoja, bila kufungwa na muuzaji mmoja wa wingu. Anayeanza leo, namsihi aanze na huo.

Lakini kuna mahali zana hizo haziwezi kukubebea mzigo, na ndipo wengi wanapoangukia. Namba yako ya ufuatiliaji inaishia kwenye mlango wa mtandao wa simu. Wao wana namba zao. Kwenye mfumo wa Daraja wa Safaricom, ukituma ombi la malipo unapewa papo hapo namba iitwayo CheckoutRequestID, na jibu la mwisho linakuja na namba hiyo hiyo pamoja na namba ya matokeo: sifuri malipo yakikubalika, 1032 mwenye simu akighairi, na nyinginezo. Kwa hiyo funksheni ya kwanza ina wajibu mdogo ambao usipotimizwa kila kitu kinakatika: iandike namba yako na namba yao pamoja kwenye hifadhidata kabla haijamaliza kazi. Ya pili ikipokea jibu, itafute kwa namba yao, ipate namba yako, iendelee nayo. Ikiweka ujumbe kwenye foleni, namba iwe ndani ya ujumbe. Ni mistari michache ya programu. Mfumo usio na mistari hiyo hugeuza kila lalamiko kuwa kazi ya nusu siku, watu wamekaa wanalinganisha saa na kiasi cha fedha kwa macho, wakiomba Mungu wasiwepo wazazi wawili waliolipa shilingi 15,000 ndani ya dakika ile ile.

Na wingu lina tabia ya kurudia. Lambda ikiitwa na mtu asiyesubiri jibu, kisha ikashindwa, kwa kawaida hujaribiwa tena mara mbili. Tukio ni moja, majaribio ni matatu. Kumbukumbu zisipoonyesha kwamba ni tukio lile lile linarudiwa, utasoma mistari mitatu na kudhani wamelipa watu watatu. Mbaya zaidi, programu yenyewe isipokuwa na kinga, mzazi atapelekewa risiti tatu kwa malipo yale yale, na mhasibu wa shule ataamini zote.

Sasa tuje kwenye saa, jambo linalotuhusu sisi kuliko wenzetu wengi. Kumbukumbu za wingu kwa kawaida huandikwa kwa saa za UTC, zilizo nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu. Mteja anapiga simu, anasema nililipa jana saa mbili na nusu usiku. Dada wa huduma kwa wateja anaandika 2:30, kama alivyosikia. Mhandisi anasoma 2:30, anakwenda kutafuta usiku wa manane, hapati kitu. Akizinduka kwamba mteja alikusudia 20:30, anatafuta 20:30 ya UTC, ambayo kwetu ni saa tano na nusu usiku, hapati kitu tena. Malipo yenyewe yako 17:30. Na mteja akiwa Bujumbura au Goma, saa mbili na nusu yake iko 18:30, kwa kuwa wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwa mawazo yangu, saa za kumbukumbu ziachwe kwenye UTC, maana ndizo zinazofanya mashine za nchi mbalimbali zielewane. Kinachotakiwa kubadilishwa ni fomu ya malalamiko: saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24, mji wa mteja uandikwe, hesabu ifanywe na mashine.

Kuhusu mistari yenyewe, sitazunguka. Kuandika “imefika hapa”, halafu “imefika hapa 2”, halafu “hitilafu”, ni kumsumbua atakayesoma. Kila kitu kwenye mstari kiwe na jina lake, kwa muundo wa JSON unaoweza kutafutwa: saa, uzito wa tukio, jina la funksheni na toleo lake, namba ya ufuatiliaji, namba ya mtandao wa simu, kiasi, namba ya matokeo, muda uliotumika. Mtu akiuliza, nionyeshe malipo yote ya leo yaliyorudi na 1032, jibu lije kabla hajaweka kikombe cha chai mezani.

Wanaotumia Azure Functions kwa lugha ya C#, kwa ule mtindo mpya unaotenganisha programu yako na mtambo unaoiendesha, wajihadhari na jambo moja. Ukiunganisha huduma ya Application Insights moja kwa moja kwenye programu, kichujio chake cha kawaida hupitisha tu maonyo na yaliyo mazito zaidi. Habari za kawaida ulizoziandika kwa bidii zinatoweka njiani, na hakuna ujumbe wowote wa kukuambia zimetoweka. Tena faili la host.json, ambako wengi hukimbilia, halikigusi kichujio hicho. Kinaondolewa ndani ya programu yenyewe. Kiondoeni siku ya kwanza, siyo siku ya msiba.

Kuna na suala la kusimamishwa. Funksheni ya Lambda ikisharudisha jibu, mazingira yake hugandishwa pale pale. Mistari uliyoichapa kwa kawaida iko salama, kwa sababu mtambo wenyewe unaidaka. Ila zana nyingi za telemetria hukusanya vipimo kwanza, kisha huvituma kwa mafungu kupitia mtandao. Fungu ambalo halijatumwa wakati wa kugandishwa litatumwa ombi jingine likija, au halitatumwa kamwe. Ndiyo sababu zana hizo zina amri ya kumwaga kila kilichobaki kabla ya kurudisha jibu, na ndiyo sababu Amazon wameruhusu programu ndogo za pembeni, ziitwazo ekstensheni, zinazoendelea kidogo baada ya funksheni kujibu. Ukiona nyayo zako zina mapengo hasa nyakati za usiku, wateja wakiwa wachache, anza kuchunguza hapo.

Hesabu ya fedha nayo inashangaza, na naomba tuifanye pamoja. Chukua bei za kawaida za Amazon kwenye kituo cha Virginia, tuache nafuu ya bure wanayotoa. Funksheni yenye megabaiti 128 inayofanya kazi kwa milisekunde 100, ikiitwa mara milioni moja, inakugharimu senti 20 za dola kwa kuitwa na kama senti 21 kwa muda wa kazi. Jumla hata nusu dola haifiki. Sasa kila ikiitwa iandike kilobaiti 20 za kumbukumbu, kwa kuwa kijana mmoja aliamua kuchapa ombi zima na jibu zima. Hizo ni kama gigabaiti 20, na kuzipokea CloudWatch hutoza nusu dola kwa gigabaiti. Dola kumi. Kuandika kumegharimu zaidi ya mara ishirini ya kazi yenyewe. Kisha zinakaa, maana kundi la kumbukumbu la Lambda likijiundia lenyewe huwa halina tarehe ya kufutwa. Zitakuwepo mwaka huu, mwakani na mwaka wa kesho kutwa, zikilipiwa, mpaka mtu aende kuweka kikomo kwa mkono wake.

Watu wakiona bili hiyo hukimbilia kuchukua sampuli, yaani kubakiza nyayo chache na kuzitupa nyingine. Sina ugomvi na sampuli kwa maombi yaliyofanikiwa. Anayetazama orodha ya shule hahitaji kuacha alama kila mara. Lakini hitilafu zibaki zote, na nyayo za malipo zibaki zote. Halafu tusichanganye mambo: kumbukumbu za programu hazichukui nafasi ya leja. Fedha iliyoingia na kutoka iandikwe kwenye hifadhidata, na kumbukumbu zieleze ilipitia wapi hadi ikafika huko.

Kuna jambo linalonikera kuliko gharama, nalo ni yale yanayoandikwa ambayo hayakupaswa kuandikwa. Mwezi Mei mwaka 2018 Twitter iliwatangazia watumiaji wake zaidi ya milioni 330 wafikirie kubadilisha nywila zao. Hakuna aliyekuwa amevunja mlango. Kampuni yenyewe iligundua kwamba, kwa kasoro ya programu, nywila zilikuwa zikiandikwa waziwazi kwenye kumbukumbu za ndani kabla hazijafichwa. Walisema hawakuona dalili kwamba zimeibwa, lakini zilikuwepo, zinasomeka. Sasa mtazame yule kijana wetu anayechapa ombi zima. Ndani ya ombi mna namba ya simu ya mzazi, jina la mtoto, shule yake, labda na tokeni ya kuingilia kwenye mfumo wa malipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mbele ya sheria hizo, taarifa za mtu ni taarifa za mtu hata zikiwa zimelala kwenye faili ambalo hakuna anayelifungua.

Kwa hiyo namba ya simu ifichwe, zibaki tarakimu tatu za mwisho, zimsaidie mtu wa huduma kwa wateja kulinganisha na namba anayotajiwa. Namba za siri, nywila na tokeni zisiandikwe kabisa. Na uchujaji huo ufanywe na programu mahali pamoja, kabla mstari haujatoka, kwa sababu ukiwaachia wahandisi sita kila mmoja akumbuke, mmoja atasahau Ijumaa jioni.

Ya mwisho ni kengele. Wengi huweka kengele ya hitilafu: zikizidi kiasi fulani, simu ya mhandisi inalia. Ni vizuri, lakini msiba mkubwa wa mifumo ya malipo huja kimya. Mtandao wa simu umebadilisha anwani, au cheti cha usalama kimekwisha muda, na majibu hayaingii tena. Funksheni ya pili haishindwi, kwa kuwa haiitwi. Hitilafu ni sifuri. Risiti nazo ni sifuri, na ni wiki ya kufungua shule. Kengele inayohitajika hapo ni ya kitu kilichokoma kutokea: maombi yamepelekwa, dakika kumi zimepita, hakuna hata risiti moja. Kipimo hicho hakitoki kwa mwenye wingu. Lazima ukihesabu mwenyewe, na lazima kwanza ukae na watu wa biashara wakuambie siku ya kawaida inaonekanaje.

Kabla ya kufungua mfumo kwa wateja, nawaomba viongozi wa hizi kampuni changa wafanye jaribio moja. Mhandisi mmoja alipe ada ya majaribio kwa simu yake, kisha akatize malipo mahali anapojua yeye: aghairi kwenye simu, au azime funksheni ya tatu, au aweke namba ya shule isiyokuwepo. Mtu mwingine, asiyeandika programu hiyo, apewe tarakimu tatu za mwisho za simu na saa ya malipo kama mteja angeitaja, basi. Afungue kumbukumbu na aseme pesa imekwama hatua gani na kwa sababu ipi. Akishindwa ndani ya robo saa, uzinduzi usogezwe mbele, hata kama kadi za mwaliko zimeshachapishwa.